Mbona hamkulinunua lile Land Cruiser?

Swali mnaloniuliza mlio nyumbani ni hili: mmekaa Uingereza miaka yote hiyo, mliona Land Cruiser 80, Land Rover Defender na Mercedes W124 zikiuzwa bei ya chee, leo bei zake hazishikiki. Mbona hamkununua? Hamjuti?

Jibu la kweli: kuna gari mbili za kujutia. Zilizobaki, kutozinunua ndiko kulikowasaidia watu wengi huku kulipa kodi ya nyumba na bado kutuma hela nyumbani. Anayejuta hutazama bei mbili tu, ya wakati ule na ya leo. Miaka iliyo katikati haihesabu, na huku gari hula pesa katika miaka hiyo hiyo.

Tupige hesabu ya kukadiria. Gari limenunuliwa pauni 4,000, likatunzwa miaka 10. Ushuru wa barabara tuweke pauni 300 kwa mwaka: 3,000. Bima ya mtu mzima asiye na ajali tuweke 500 kwa mwaka: 5,000. Ukaguzi wa lazima, MOT, ni wa kila mwaka na ada yake ya juu kwa gari dogo ni pauni 54.85, karibu 550 kwa miaka yote. Banda la kulilaza kwa pauni 80 kwa mwezi: 9,600. Jumla imepita 18,000 kabla fundi hajafungua boneti, na bado hujahesabu zile 4,000 za mwanzo. Aliyeliuza gari hilo kwa 20,000 amepata hasara, ingawa ukisoma tangazo lake utasema limezaa mara tano.

Mtasema: si ungeliweka tu bila kuliendesha? Inawezekana, unatoa taarifa inayoitwa SORN kwamba gari halitembei, ushuru unasimama. Sharti lake ni gari likae kwenye ardhi ya mtu binafsi, lisiguse barabara ya umma hata kwa tairi moja. Wengi wetu tunaishi kwenye fleti au nyumba za kupanga zisizo na ua, na gari linalala barabarani mbele ya mlango. Hapo SORN haikuhusu: lazima ushuru uwe umelipwa, bima iwe hai na MOT isiwe imekwisha, hata kama funguo hujazigusa tangu mwaka jana. Watu wa nyumbani wenye viwanja huwa hawalifikirii hili. Huku nafasi ya kuegesha ndiyo inayoamua nani anaweza kuweka gari kuukuu na nani hawezi.

Na gari lililosimama halikai salama. Betri hufa, kalipa za breki hukamata, oili sili hukauka, tairi huchanika pembeni hata kama kashata zake bado nene. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta maji na hula mipira ya mafuta ya magari ya zamani. Mwenye gari kama hilo anatakiwa kununua ile ya bei ya juu.

Ushuru nao una tarehe zake, na anayezijua hupona. Gari lililosajiliwa kabla ya tarehe 1 Machi 2001 hutozwa kwa ukubwa wa injini, na ushuru hupanda injini ikizidi cc 1,549. Baada ya hapo, hadi mwisho wa Machi 2017, hutozwa kwa hewa ya kaboni inayotoa. Kuna mtego mwingine katikati: tarehe 23 Machi 2006. Gari linalotoa zaidi ya gramu 225 kwa kilomita, likiwa limesajiliwa kabla ya siku hiyo, lina kikomo cha ushuru. Likisajiliwa siku hiyo au baadaye, linaingia katika moja ya madaraja mawili ya juu kabisa, na la mwisho linazidi pauni 700 kwa mwaka.

Hapa ndipo ndugu zetu wa Kenya wanapoumia na Subaru Impreza. Mapenzi yao ninayaelewa: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akaishinda ya 2000. Lakini Impreza ya turbo ya mwishoni mwa 2005 na ya mwishoni mwa 2006, zenye sura ile ile, zinaweza kupishana ushuru kwa mamia ya pauni kila mwaka. Zile za lita 2.5 za kipindi hicho zina ugonjwa wa pistoni kuvunjika kwenye kingo za ringi, na gasketi ya silinda hedi kuvuja. Bima yake kwa kijana ni mzigo mwingine. Mwenye kuikosa asilie.

Halafu kuna hewa safi ya mijini. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 ULEZ, eneo la tozo kwa magari yanayochafua hewa, imefunika London nzima. Dizeli iliyosajiliwa kabla ya Septemba 2015, na petroli iliyosajiliwa kabla ya 2006, kwa kawaida hazifikii kiwango, na unalipa pauni 12.50 kwa kila siku unayowasha na kutoka, hata kama unakwenda dukani tu. Anayeendea kazi siku 5 kwa wiki, wiki 48, hutoa pauni 3,000 kwa mwaka. Birmingham katikati ya jiji ni pauni 8 kwa siku, Bristol ni 9. Glasgow hailipishi kuingia. Gari lisilofaa limekatazwa na ukiingia unapigwa faini. Gari lililotimiza miaka 40 na kusajiliwa kama la kihistoria linasamehewa ULEZ na ushuru pia. Land Cruiser 80 la kwanza lilitoka 1990, kwa hiyo bado halijafika huko.

Sasa kutu. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa Dodoma au Nakuru hawezi kuliona kwenye picha. Majira ya baridi halmashauri humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Chumvi hiyo huyeyuka, matairi huirusha chini ya gari, inaingia kwenye kila kona ya chasisi na kukaa humo mpaka kiangazi. Watu wa Tanga na Mombasa wanajua bahari inavyokula mabati. Huku gari linaogeshwa maji hayo kutoka chini, miezi minne au mitano kila mwaka. Ndiyo maana gari lenye rangi inayong'aa linaweza kuwa limeoza tumboni.

Kulikagua, anza kwa namba yake ya usajili. Historia ya MOT inatazamwa bure kwenye tovuti ya serikali, na inaonyesha kila ukaguzi: lilifaulu au lilianguka, kwa nini, na maili zilizosomwa siku hiyo. Soma kwa makini zaidi maonyo madogo ya miaka ya nyuma kuliko matokeo ya mwaka huu. Maneno ya kutu kwenye mabomba ya breki yakitokea miaka mitatu mfululizo, halafu ghafla yakatoweka na kuandikwa kwamba chini kumepakwa rangi nzito, ujue kuna kilichofunikwa. Maili zikirudi nyuma, achana nalo. Kisha lala chini na tochi na bisibisi butu. Gonga chasisi kuanzia nyuma, kwenye boriti la mwisho linalobeba ndoano ya kuvutia, na pale springi zinaposhika. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kadibodi, na bisibisi huzama. Inua mazulia ya ndani, shika sakafu kwa mkono. Ukikuta unyevu chini ya miguu ya dereva, tafuta maji yanapoingilia kabla hujataja bei.

Kwa Land Cruiser 80 mtazame zaidi mlango wa nyuma upande wa chini, fremu za madirisha ya nyuma, na mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli. Injini ya dizeli ya lita 4.2 ni ya kuaminika, lakini zile za mwanzo, za aina ya 1HD-T, zinajulikana kwa kuchakaa mapema beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki shafti, mhimili mkuu wa injini. Mwenye akili huzibadilisha zikiwa nzima, karibu na kilomita 200,000, maana zikisagika zinaondoka na krenki shafti. Mkanda wa taimingi ni wa kila kilomita 100,000. Mbele, kwenye vifundo vya magurudumu, oili ya difu, yaani gia za ekseli, ikivuja ndani huchanganyika na grisi, na unaona uji mweusi ukichuruzika juu ya ile tufe ya chuma. Si ugonjwa wa kuua, ila ni siku nzima ya kazi chafu kwa kila upande. Toleo la 1HD-FT lenye valvu 24, la kuanzia 1995, ndilo ningemwambia mtu ajutie bila aibu, kama alikuwa anaishi mashambani, ana ua wake na haingii London.

La pili la kujutia ni Defender. Uzalishaji wa lile la zamani ulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016, na tangu hapo zilizobaki zimekuwa mali. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo watu hudhani halipati kutu. Chasisi ni ya chuma na huoza vizuri tu, pamoja na ukuta unaotenganisha injini na miguu, na kila mahali alumini inapogusana na chuma huota unga mweupe. Chasisi mpya iliyochovywa zinki inapatikana, lakini kuihamishia gari zima ni kazi ya wiki kadhaa. Kwenye injini ya dizeli ya Td5 chomoa plagi nyekundu ya kompyuta iliyo chini ya kiti: ukikuta oili humo, waya za sindano za mafuta zimeanza kuvujisha. Na wezi wanalipenda. Huibiwa likavunjwavunjwa kuuza spea, ndiyo sababu kampuni za bima huuliza lina kufuli gani na linalala wapi.

Kuhusu Land Rover Discovery 3 ya dizeli ya lita 2.7, mnayoiona kuwa ya wakubwa, nasema wazi: asiyeinunua ameokoka. Krenki shafti yake inajulikana kwa kukatika, springi za hewa hulala usiku, na kazi kadhaa kubwa za injini hufanywa kwa kuinua bodi nzima kutoka kwenye chasisi. Kwa W124, bodi na dizeli zake ni za kusifiwa, ila petroli nyingi za miaka ya 1993 hadi 1995 zina waya za injini ambazo ganda lake hupukutika lenyewe kwa joto. Muulize muuzaji risiti ya waya mpya. Asipokuwa nayo, punguza bei au ondoka.

Lililobaki ni lile mnalolisema chinichini: mngetuletea. Kwa Kenya haliwezekani, maana gari lililotumika linaloingia lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo hizi zote milango yake ilifungwa zamani. Uganda mwisho ni miaka 15, tangu 2018. Tanzania inapokea, lakini gari dogo lililopita miaka 10 hubebeshwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa 25 na ule wa ukubwa wa injini, kisha VAT ya 18 inapigwa juu ya vyote. Injini ikizidi cc 2,000, kodi pekee hupita thamani ya gari. Na thamani hiyo TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wana makadirio yao, kwa hiyo risiti ya pauni 4,000 isikupe matumaini. Rwanda ndiyo kabisa, usukani wa kulia hautakiwi. Walioko Marekani nao wana hesabu tofauti: magari yao ni ya usukani wa kushoto, ambayo Kenya haipokei kwa matumizi ya kawaida.

Kwa mdogo wangu aliyefika huku juzi na tayari anapekua matangazo: leseni yako ya Kenya au Tanzania inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha lazima ufanye mtihani wa hapa, wa nadharia na wa barabarani. Omba bei ya bima kabla ya kwenda kuliona gari, ukiandika namba ya posta (postcode) ya pale litakapolala, siyo ya shangazi yako wa kijijini. Ukidanganya hapo, siku ya ajali bima inaweza kukataa kulipa. Gari lenye alama ya Kategoria S liliwahi kuumia kwenye mifupa yake. N ni ajali isiyogusa mifupa. Zote mbili hushusha bei utakapouza. Kadi ya gari, V5C, lazima iwe na anwani ile ile ya nyumba unayolikuta gari. Ukiambiwa mkutane kwenye maegesho ya supamaketi, rudi nyumbani na pesa zako.