Akiacha kutetemeka, amepona au amezidiwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwongozaji msaidizi wa mlima, naishi Moshi. Tukiwa njia ya Machame, Kilimanjaro, mgumu mmoja (mpagazi wetu) alinyeshewa kuanzia Lava Tower. Alifika kambi ya Barranco anatetemeka vibaya, baadaye akatulia na kusema hasikii baridi tena. Tukashukuru. Wenzangu walimsugua miguu, mwingine akampa konyagi. Tulifanya sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huko kutulia ndiko kungewashtua. Misuli hutetemeka ili izalishe joto. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameanza kuzidiwa na baridi. Likifika kama 32 au 30, mtetemo hukoma hata akiwa bado amelowa. Kwa hiyo mtu hajabadilishwa nguo, hajala, halafu anakwambia "niko poa"? Huyo yuko hatarini.

Msisubiri afike huko. Mwambie afunge zipu ya koti lake. Vidole vikipapasa tu bila kuikamata, ulimi ukiwa mzito, au akijikwaa penye njia nyeupe, anzeni kazi. (Ubongo ukivimba kwa sababu ya mwinuko, dalili zinafanana. Mkishindwa kutofautisha, mpasheni joto na mumteremshe pia.)

Mwingizeni hemani, ndipo mumvue nguo zilizolowa, zikigoma, zikateni. Mtandikieni magodoro mawili, maana ardhi inanyonya joto sana. Mfunikeni kwa slipingi begi kavu, kichwa na shingo pia, na turubai juu. Chupa za maji ya moto zivisheni soksi, mziweke kifuani na kwapani, si miguuni. Kama anaongea vizuri na anameza bila shida, mpeni chai yenye sukari nyingi. Anayesinzia asipewe kitu mdomoni.

Kusugua acheni kabisa. Moyo uliopoa huvuruga mapigo upesi. Ukimtikisa mgonjwa ovyo au ukimsimamisha atembee, moyo wake unaweza kusimama. Aliyeacha kutetemeka hubebwa kwa machela, amelala. Konyagi nayo hutanua mishipa ya ngozi: anahisi joto wakati joto la ndani ndilo linalotoka.

Akionekana hapumui, msimhesabu maiti. Chunguzeni pumzi na mapigo dakika nzima. Yasipokuwepo, mkandamizeni kifua huku msaada ukiitwa. Mwaka 1999 huko Norway, Anna Bågenholm alitolewa chini ya barafu moyo umesimama, joto lake likashuka hadi nyuzi 13.7, na akapona.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi mgeni hukaguliwa mavazi kabla ya kupanda, mgumu anaachwa. Safari ijayo mkague naye, getini: koti la mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji.