Ukoka ulinishinda chini ya mringaringa

Nimepanda ukoka chini ya mti wetu wa mringaringa mara tatu, na mara zote tatu umekufa. Mara ya kwanza nililaumu maji, ya pili kuku, ya tatu nikamlaumu kijana aliyeniuzia miche na kuniapia kwamba utashika. Kumbe ukoka ni jani la juani. Kwenye kivuli kizito unarefuka, unapauka, unabaki nyuzinyuzi, na masika ikikolea unaondoka na tope.

Sisi tuko upande wa Marangu, na jawabu lilikuwa kando ya mfereji ninaoupita tangu niolewe. Majani mapana, marefu, yenye marinda kama sketi ya shule. Mgeni anaweza kudhani ni mche wa mnazi. Wataalamu huyaita Setaria megaphylla. Ni nyasi za asili za misitu ya Afrika, huota pembezoni mwa msitu na kando ya vijito, na zikipata unyevu hufika hata mita 2. Hapa kwetu watu huzikata wakampa ng'ombe, hakuna anayeziona pambo.

Nilianza na vishungi vitano kutoka kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani. (Msiende kung'oa kwenye msitu wa hifadhi, tafadhali.) Panda mvua za masika zinapoanza. Pasua kishungi, kila kipande kibaki na mizizi na machipukizi matatu au manne, kisha kata majani yabaki shubiri moja, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywesha yote. Usilime. Mimi niliingia na jembe nikawa nakata mizizi ya mti, mpaka mume wangu akaninyang'anya. Tumia ncha ya panga, fungua vishimo katikati ya mizizi, weka konzi mbili za mboji, acha hatua moja kati ya shina na shina. Udongo usirundikwe kwenye gogo la mti.

Ila hayo yote ni madogo. Adui mkubwa alikuwa fagio langu.

Tumelelewa hivyo: alfajiri uwanja unafagiliwa hadi chelewa ziache michirizi. Miaka na miaka nilikuwa nakusanya majani ya mringaringa na kuyachoma, na kila siku udongo wa juu kidogo unaondoka nayo. Mizizi ikabaki nje kama mishipa ya mzee, ardhi ikawa ngumu kama sakafu, mvua ikinyesha maji yanateleza tu. Nyasi za msituni zinaishi kwenye majani yanayooza. Ukizifagilia, umezinyima chakula na blanketi kwa mpigo mmoja. Nikaweka mpaka wa mawe: njia na mbele ya mlango fagio linapita, chini ya mti halikanyagi. Kwa kuwa jani la mringaringa ni pana kama sahani na linaweza kufunika mche mchanga, mwaka wa kwanza nilikuwa nayachana kwa mkono.

Mama mkwe alikuja akasimama, akatazama. "Mkwe wangu, siku hizi fagio hamna?" Halafu akataja nyoka. Hapo ana haki; ndiyo maana karibu na mlango sijapanda kitu kirefu.

Mapengo nimejaza Oplismenus, nyasi fupi za kivulini zinazotambaa na kuota mizizi kila pingili. Nzuri mno, ila mbegu zake zinanata kwenye soksi na vitenge, kwa hiyo zikae mbali na njia. Zile ndefu nazo hujisambaza zenyewe kwa mbegu. Mimi hukata masuke mengi kabla hayajakomaa, machache nawaachia ndege.

Juzi mama mkwe alirudi na panga na kamba. Ng'ombe wake amekosa majani. Nimempeleka kwenye vishungi vya nyuma.