PalmPilot ya zamani iliyoongezwa memori: itakufaa, ila chunga betri

Ndugu, umesema mjomba amekuachia PalmPilot Professional ya 1997, ile kompyuta ndogo ya mfukoni, tayari imebadilishwa kadi ya memori kutoka MB 1 hadi MB 2, na unauliza kama inafaa kwa kazi za kila siku. Inafaa, ila jua tabia zake.

Ninayo iliyobadilishwa hivyo hivyo. Ukubwa wa memori wala sikuuhisi. Majina, miadi na madeni ya dukani havijazi hata nusu. Raha ni ile infraredi (mwanga usioonekana unaopitisha data) inayokuja na kadi: mnaelekezeana na mwenye Palm III, modeli iliyofuata, namba ya simu inaruka kutoka kifaa hadi kifaa.

Shida ni betri. Inakula mbili nyembamba, zile za rimoti, na kila ulichoandika kinaishi kwa umeme wake. Mimi nilipuuza onyo, nikaitupa kwenye droo. Kuja kuiwasha, tupu kama imetoka kiwandani jana. Madeni ya watu yote yakapotea (wadaiwa walifurahi sana). Basi shika betri mpya mkononi kabla hujatoa za zamani, maana una kama dakika moja tu kabla kila kitu hakijafutika. Tena nakili kila kitu kwenye kompyuta kwanza. Kitako chake cha kuiunganishia na kompyuta kinataka tundu la siriali, lile la kompyuta za zamani, kwa hiyo kwa laptopu ya leo tafuta adapta ya USB.

Mwandiko wa Graffiti, yaani herufi zilizorahisishwa unazoichorea kwa kalamu yake, utauzoea upesi: A ni paa la nyumba, bila ule mstari wa kati. Bandika selotepu pale pa kuandikia, kioo kisichubuke.