Jibu: Rekodi zote za Simfoni ya 5 zinasikika sawa

Mkuu, umesema unasikiliza rekodi nzima ya Simfoni ya 5 ya Beethoven kila siku, na ikifika ya tatu zote zimechanganyika kichwani. Nusu saa ni nyingi mno kwa kulinganisha. Chukua sehemu ya kwanza tu kati ya nne za simfoni hiyo, rekodi mbili kwa siku, na kesho yake anza na ile uliyomalizia.

Kabla ya yote, sawazisha sauti. Rekodi yenye sauti kubwa kidogo tu, hata desibeli moja, sikio litaiona bora bila sababu ya muziki.

Kisha sikiliza noti ndefu mbili za mwanzoni. Beethoven aliifanya ya pili iwe ndefu kuliko ya kwanza. Wako waongozaji wa okestra wanaozifanya ziwe na urefu sawa. Baadaye, okestra nzima inaponyamaza na obo (ala ya kupuliza) kubaki peke yake, angalia kama mpigaji ameachiwa nafasi ya kupumua au anasukumwa.

Mwendo nao: Beethoven aliandika mapigo 108 kwa dakika kwenye metronomu, kifaa cha kupimia mwendo. Kati ya waongozaji, Klemperer yuko chini sana ya hapo, Gardiner na ala za kale anaukaribia. Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic (1974) ana kasi pia, ila kwangu mvuto wake ni mkazo wa fidla, si kasi.

Usihukumu kwa dakika zilizoandikwa kwenye jalada: mwongozaji mmoja hurudia robo ya kwanza ya sehemu hii kama nota zinavyoagiza, mwingine huruka marudio hayo.