Kauli za nje, nyumba za ndani

SWALI: Serikali yetu hulaani hadharani ubomoaji wa makazi katika nchi nyingine. Hapa nyumbani watu wanatolewa kwenye nyumba bila kuonyeshwa pa kwenda. Je, chama chetu cha wapangaji kinaweza kuzitumia kauli hizo kujitetea?

JIBU: Mnaweza, ila kauli haina nguvu bila mkataba ulio nyuma yake. Hakikisheni kwanza kwamba nchi yenu imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966. Kusaini hakutoshi: Marekani ilisaini mwaka 1977, na haijauridhia hadi leo. Kifungu cha 11 kinataja makazi. Maoni ya Jumla Namba 7 ya 1997, yaliyotolewa na Kamati inayosimamia mkataba huo, yanafafanua masharti ya kuwahamisha watu: washauriwe kwa dhati, wapewe notisi ya kutosha, wasitolewe usiku wala katika hali mbaya ya hewa bila ridhaa yao, na asiachwe mtu bila makao. Ilinganisheni notisi yenu na masharti hayo, moja baada ya jingine.

Kauli za nje zina faida kubwa katika mapitio ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi huhojiwa na nchi nyingine takribani kila miaka minne na nusu. Vyama vya kiraia huweza kupeleka taarifa ya maandishi: chama kimoja huruhusiwa maneno 2,815. Vyama vilivyoungana, 5,630. Nukuuni serikali ilichoitaka nchi nyingine ifanye kuhusu makazi, kisha wekeni chini yake amri ya kuwatoa watu wenu, zote na tarehe. Taarifa nyingi hupotea bure kwa sababu zinalalamika bila kupendekeza. Andikeni mapendekezo mawili yanayopimika, myapeleke mapema kwenye balozi za nchi zitakazouliza maswali.

Kama nchi yenu imeridhia pia Itifaki ya Hiari ya mkataba huo, yaani nyongeza inayoruhusu malalamiko, inayotumika tangu 2013, aliyeathirika anaweza kulalamika mbele ya Kamati ya mkataba. Mwaka 2017 Kamati iliiona Hispania na hatia ya kukiuka haki ya familia iliyotolewa katika chumba cha kupanga bila makazi mbadala. Malalamiko mengi hukwama kwa sababu mlalamikaji hakumaliza njia za mahakama za nyumbani, au amepitisha mwaka mmoja tangu zilipoisha. Hatari ikiwa karibu, ombeni hatua za muda, yaani Kamati iitake serikali isimamishe utoaji wakati lalamiko linashughulikiwa, kabla ya siku ya kutolewa, mkiambatisha amri, notisi, mkataba wa pango, na barua mlizoomba makazi mbadala pamoja na majibu yake.