Usinipe kadi, njoo mazoezini

Kila ikiisha Februari, simu yangu hujaa meseji za aina moja. Sauti za Busara, tamasha letu la muziki hapa Zanzibar, imeshafungwa, wageni wamepanda ndege, na wanafunzi wa muziki na maigizo wamebaki na namba za watu wasijue wazifanyie nini. Wiki hii nimechagua sita. Mie ni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, nimepiga harusini, hotelini na jukwaani, basi majibu yangu yana harufu ya taarab. Watu wa maigizo watanisamehe.

Shikamoo maalim. Nasoma fidla mwaka wa pili. Nilikwenda Ngome Kongwe siku zote za tamasha, lakini kila nikimwona msanii mkubwa miguu inakuwa mizito. Nimerudi nyumbani sijasema na mtu. Nifanyeje? (Mpiga fidla, Jang'ombe)

Marahaba mwanangu. Huna kasoro yoyote. Mtu anayeshuka jukwaani ana jasho, ana njaa, na watu ishirini wanataka kupiga picha naye. Hata ungekuwa na ulimi wa asali, kesho asingekukumbuka.

Mie mwaka wangu wa kwanza nilichapisha kadi. Karatasi ngumu, jina kwa wino wa dhahabu, pembeni kijichoro cha kanuni. Nikagawa thelathini ndani ya Ngome usiku mmoja. Hakupiga simu hata mmoja. Kesho yake jioni nakwenda zangu Forodhani kunywa urojo, naiona kadi yangu imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza isicheze. Angalau ilipata kazi kabla yangu.

Aliyenipa kazi ya kwanza nilikutana naye saa tisa alasiri, jua kali, hakuna hadhira. Fundi sauti alikuwa anahangaika na kanuni ya watu: nyuzi zaidi ya sabini, maikrofoni moja, na kila akifungua sauti panavuma. Nikamwambia aisogeze upande wa ngozi, pale nyuzi zinapokanyaga, aishushe kidogo. Ikatulia. Hatukuulizana hata majina. Miezi mitatu baadaye hoteli ikamwuliza kama anamjua mpiga kanuni, akasema yupo kijana mmoja, ngojeni nimtafute. Akanitafuta kweli, kwa kuuliza mtaa kwa mtaa.

Basi nenda mchana. Wakati wa kujaribu mitambo kila mtu anataka mkono wa kumsaidia, na mwenye haya hufaa zaidi kuliko msemaji kwa sababu hasumbui. Jitolee kupanga viti, kubeba ala, kumwonyesha msanii mgeni pa kusalia. Tena jingine: wanaotaka kupiga Busara hupeleka maombi miezi mingi kabla. Kama mna kikundi, msingoje kumvizia mtu getini.

Mwalimu wetu akipata mchongo huwapa wanafunzi walewale wawili. Sisi wengine hata hatuambiwi. Huu si upendeleo? (Tuliosahauliwa, Mwanakwerekwe)

Huenda ni upendeleo. Huenda pia ni kwamba wale wawili hufika nusu saa kabla, ala zimeshatiwa sauti, na simu zao hupokelewa. Anayempeleka mwanafunzi kwenye kazi ya watu amepeleka jina lake mwenyewe. Mmoja wenu amwendee, si kundi zima, amwulize kwa adabu: maalim, nikuonyeshe nini ili unitume nami? Akishindwa kujibu, hapo nileteeni malalamiko tena.

Asalaam aleikum. Mimi msichana wa Wete, nasoma maigizo na ngoma huku Unguja. Wenzangu wanasema watu wa sanaa hukutana usiku, baada ya shoo. Baba amekubali nisome lakini hataki nitembee usiku, nami sitaki kumwudhi. Nitajulikana vipi? (Mpemba mgeni wa mji)

Waaleikum salaam binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Hayo ya usiku yamekuzwa. Usiku watu hucheka, hula mishikaki, huahidiana vitu ambavyo asubuhi hawavikumbuki. Kazi hupangwa mchana: mazoezini, ofisini, kwenye kikombe cha chai. Bendi ya Siti binti Saad, mwimbaji wetu mkubwa wa taarab wa zamani, wakina Maalim Shaaban, Mbaruk na Subeti Ambari, haikufika kwenye sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa kukutana njiani. Walikuwa watu wa kukaa pamoja siku baada ya siku, wakitunga na kukosoana. Na Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanza 1905, tazama jina lenyewe: ndugu wapendanao. Wakubwa wetu hawakuwa na neno koneksheni. Walikuwa na klabu.

Kwa hiyo wasikuumize kichwa wakubwa. Watazame uliokaa nao darasani. Yule anayejua kushona mavazi, yule wa taa, yule anayeandika michezo vibaya leo. Baada ya miaka kumi mmoja atakuwa anaongoza kikundi na mwingine yupo televisheni, na watamtafuta mtu waliyewahi kugawana naye andazi.

Halafu una mali ambayo sisi wa mjini hatuna. Wewe unatoka Pemba. Kuna wangapi darasani kwenu waliokiona kibati kikichezwa na wenyewe, wale mabingwa wa kujibizana papo kwa papo, maneno yanatoka mbio kuliko miguu? Au ngoma ya msewe? Likizo ijayo ukishuka Mkoani usikimbilie nyumbani kulala tu. Nenda kwa wazee wanaocheza, chukua sukari na majani ya chai, kaa chini, sikiliza. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Mkufunzi au mtafiti anayetafuta mtu wa kumfikisha kwa wazee wale atakuja kwako, tena mchana kweupe. Na baba mchukue pamoja nawe. Pengine anawajua wazee hao kuliko unavyodhani.

Hoteli ya ufukweni imetuita tupige kila Ijumaa. Hawalipi, wanasema tutajulikana kwa watalii. Tukubali? (Kikundi cha wanafunzi wanne)

Mie niliwahi kukubali. Tulipiga wiki sita, malipo sahani ya wali na ahadi. Wiki ya saba tukauliza nauli, ya nane tukakuta spika inapiga muziki wa simu na jukwaa letu limewekwa meza ya matunda. Watalii walitujua, ndiyo, na kila wiki walikuwa wengine.

Bure ina pahala pake: shughuli ya skuli, msiba, harusi ya ndugu, usiku mmoja wa kujaribu nyimbo mpya. Kila Ijumaa si bure, ni kazi. Taja nauli, chakula na posho, na mkikubaliana andikeni, hata iwe meseji ya WhatsApp inayosema tarehe, saa na kiasi. Kama mnatunga nyimbo zenu, zisajilini mapema COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kikundi chenyewe mkiulizie BASSFU, baraza letu la sanaa. Hoteli inayotaka kulipa huuliza karatasi, na mwenye karatasi huitwa kabla ya mwenye kipaji. Sikusema ni haki.

Nilipewa namba na mkurugenzi wa tamasha la nje. Nilimwandikia "Mambo" wiki mbili zilizopita, hajajibu. Nimwandikie tena? (Mcheza dansi, Mji Mkongwe)

"Mambo" tupu kwa mtu anayepokea meseji mia kwa siku! Angekujibu nini, "Poa"? Mwandikie tena, mara moja tu, kwa lugha anayoielewa, hivi:

"Habari za siku nyingi. Mimi ndiye mcheza ngoma aliyekuonyesha njia ya Darajani siku ile mvua iliponyesha. Ulisema unatafuta wachezaji wanaochanganya ngoma za asili na dansi ya kisasa. Hii hapa klipu yangu ya dakika mbili. Sina haraka ya jibu."

Umeona? Wapi mlikutana, alisema nini, una nini, basi. Usitume picha kumi na tano. Usiombe tiketi ya ndege. Na klipu ianze na wewe ukicheza, si jina lako likizunguka kwa nusu dakika. Akinyamaza, mwache. Februari atarudi, au atarudi mwenzake.

Maalim, kwa kifupi tu: nichapishe kadi au nisichapishe? (Mpiga udi, Michenzani)

Chapisha, kama hela ipo. Meza za Forodhani bado zinacheza.