Maswali na majibu: Je, gundi ya mbao inafaa kusafishia sahani za santuri?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Marehemu babu yangu ametuachia sanduku la sahani za santuri hapa Kibokoni. Nyingi ni za taarabu, nyengine ni nzito mno, na takriban zote zina ukungu na hukwaruza zikipigwa. Nimeambiwa nizipake gundi, niiache ikauke kisha niibandue, na uchafu wote utatoka nayo. Je, ni kweli? Nitumie gundi gani? Na mifuko yake ya karatasi iliyoota madoa niirudishie?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako. Njia uliyoambiwa ni ya kweli, na ikifanywa ipasavyo hutoa uchafu ambao kitambaa hakiufikii. Lakini inafaa kwa sahani za vinili, yaani za plastiki, peke yake, na katika sanduku la umri huo aghalabu huwamo sahani za aina zaidi ya moja. Kwa hiyo zichambue kwanza, kabla hujaenda dukani.

Sahani nyepesi yenye namba 45 au 33 (mizunguko kwa dakika) kwenye karatasi ya katikati kwa kawaida ni ya vinili. Zile ndogo za sentimita 17.5, zikiwamo za lebo ya Mzuri iliyokuwa ikitolewa na Assanand hapa hapa Mombasa, zimo katika kundi hili. Sahani nzito na ngumu yenye namba 78 kwa kawaida ni ya shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na ndiyo aina iliyotumika zama za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ambaye alirekodi Bombay mwaka 1928. Hiyo usiipake gundi kamwe. Shelaki huharibiwa na unyevu ikilowa kwa muda mrefu, gundi huweza kuishika, na kwa kuwa huvunjika kama kigae, unaweza kuipasua wakati wa kubandua. Usiifute kwa spiriti pia, kwa sababu spiriti huiyeyusha. Ifute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, kisha uikaushe papo hapo. Ukiona sahani ambayo ukingoni au kwenye tundu lake panaonekana alumini, ni ya lakeri, yaani bamba lililopakwa utando wa aina ya vanishi, iliyorekodiwa moja moja, na huenda hakuna nakala yake popote. Gundi itaung'oa utando wenye sauti ukatoka pamoja nayo. Iweke kando bila kuigusa uso.

Sasa tuje kwenye vinili. Gundi nyeupe ya maseremala ni polivinili asetati iliyochanganywa na maji. Ikiwa bado majimaji huingia ndani ya mfereji wa sauti, unaopitiwa na sindano, ambao upana wake haufiki sehemu ya kumi ya milimita, ikazizunguka chembe za vumbi na kuvu. Maji yakishatoka, hubaki utando unaonyumbulika ambao umeshika uchafu lakini haukupata pa kujishikiza kwenye vinili, kwa kuwa vinili haina vitundu. Ukinunua, hakikisha ni gundi ya maji, na isiwe ile isiyoingia maji, ili vipande vikisalia uweze kuvilainisha. Jihadhari sana na gundi ya mabomba, ambayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi huwekwa karibu na ya mbao: imetengenezwa makusudi iyeyushe plastiki ya aina hii hii. Gundi ya viatu nayo ina viyeyushi, usiitumie.

Anza kwa kuosha sahani, kwa sababu nyingi hazihitaji gundi hata kidogo zikishaoshwa. Tumia maji ya betri, yaani maji safi yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, na usome chupa vizuri usije ukachukua asidi. Maji ya kisima ya kisiwani petu yana chumvi, na chumvi ikikaukia mfereji huwa ni uchafu mpya. Sahani ikikauka, ipige. Ikiwa bado inakwaruza, ndipo upake gundi, na uanze na ile usiyoijali sana.

Mimina gundi kwa mzunguko, uisambaze kwa kipande cha kadi ukifuata mwelekeo wa mifereji, bila kugusa karatasi ya katikati. Tabaka liwe nene kiasi cha milimita moja, kwa sababu utando mwembamba hukatika vipande vipande. Ukingoni zamisha kipande kidogo cha karatasi, kiwe ndicho utakachokivuta.

Hapa kwetu kazi huharibika kwenye kukausha. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na wakati wa masika gundi inayoonekana kavu juu huwa bado mbichi chini kabisa ya mfereji. Ukibandua wakati huo, gundi hubaki ndani na sahani inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Ngoja hadi weupe wote uishe na utando uwe angavu kote, hata ikichukua siku nzima na usiku wake. Feni inasaidia. Jua halifai, kwani vinili huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na sahani nyeusi iliyoanikwa barazani adhuhuri itapinda. Kisha vuta taratibu, pembe ya utando ikiwa imelala karibu na sahani. Utando ukikatika, usikwangue kwa ukucha; paka gundi tena juu ya kilichosalia, ikauke, uvute vyote pamoja. Kubandua huipa sahani umeme tuli unaovuta vumbi, hivyo ifunike mara moja.

Usitarajie gundi iponye mikwaruzo. Sauti ya "tik" inayorudi kila mzunguko mahali pale pale, baada ya usafi wote huu, ni ukuta wa mfereji uliokatwa, na hakuna cha kuuziba.

Mifuko yenye madoa usiirudishie, kwani kuvu huishi ndani ya karatasi na itahamia kwenye sahani tena. Ile yenye maandishi au picha ikaushe mahali penye hewa na uihifadhi peke yake, kisha uzitie sahani katika mifuko mipya na kuzisimamisha wima, mbali na ukuta unaovuja unyevu.